Umbali Usiwe Ada ya Pili

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa na dirisha la udahili likishafunguliwa, nyumba nyingi za Mwanza na za mwambao wote wa Ziwa Victoria huingia katika shauri moja zito. Kijana amefaulu. Majirani wamekuja kutoa hongera. Sasa baba, mama, wajomba na shangazi wamekaa kitako, na swali lililo mbele yao ni hili: mtoto akasome wapi? Je, abaki hapa Mwanza katika tawi la chuo cha umma analoweza kulifikia kwa nauli ya daladala, au aende Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro au Mbeya, ambako hana baba mdogo wala shangazi wa kumpokea?

Wakati wa kuamua wenyewe ni mfupi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hana budi kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa, na siku zilizowekwa zikipita nafasi yake yaweza kupewa mwingine. Hivyo jambo litakaloongoza miaka mitatu, minne au mitano ya maisha ya kijana, na pengine maisha yake yote, mara nyingi huamuliwa usiku mmoja kwa hofu na kwa hesabu za nauli. Tumeona ni wajibu wetu kutoa maoni yetu mapema, ili wazazi na vijana wayapime kabla siku hizo hazijawadia.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo moja ambalo tumelizoea mno hata hatulioni tena. Katika nchi yetu, ada ya chuo kikuu cha umma haimwulizi kijana ametoka mkoa gani. Mtoto wa Igoma akidahiliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hulipa ada ile ile anayolipa mtoto wa Kinondoni aliyemo katika fani hiyo hiyo. Mtoto wa Lindi akija kusoma Mwanza hatozwi hata senti moja zaidi kwa sababu ya kutoka kusini. Tofauti ya ada ipo kati ya fani na fani, na kati ya raia na mgeni. Haipo kati ya mkoa na mkoa.

Si kila taifa lina desturi hiyo. Huko Marekani vyuo vikuu vya umma ni vya majimbo, wala si vya serikali kuu. Sheria ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ardhi ya taifa ili yapate fedha za kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi, na tangu hapo majimbo yamevikuza vyuo vyao kwa kodi za wakazi wake. Kwa sababu hiyo mkazi wa jimbo hutozwa ada nafuu, na anayetoka jimbo jirani, ingawa ni raia wa nchi ile ile, hutozwa zaidi, mara nyingi maradufu au kupita hapo. Katika Uskoti, ambako Mwalimu Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, kijana Mskoti anayesomea shahada ya kwanza kwao hulipiwa ada na serikali yake, hali mwenzake aliyetoka upande wa England hutakiwa kulipa.

Hatusemi hayo ili kuwacheka wenzetu. Mlipa kodi anayo haki ya kuuliza kodi yake inamsomesha nani. Twayasema ili msomaji ajue kwamba ada moja kwa nchi nzima haikushuka yenyewe kama mvua ya masika. Ni uamuzi uliofanywa na watu, na una historia ambayo wazee wa mwambao huu wanaikumbuka vizuri kuliko wengi.

Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana wa Mwanza aliyefaulu alivuka Ziwa kwa meli hadi Port Bell, akaingia Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922. Mwalimu mwenyewe, mtoto wa Butiama, alisoma huko kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiotimia ishirini. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tangu hapo aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, awe Mtanganyika, Mkenya au Mganda.

Muungano huo wa vyuo ulikwisha katikati ya mwaka 1970, na tarehe 1 Julai mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kusimama peke yake. Fani nazo zilikwisha kuanza kurejeshwa nyumbani moja baada ya nyingine. Shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 ilikuwa kitivo mwaka 1968. Kilimo kilipata kitivo chake Morogoro mwaka 1969, na mwaka 1984 kitivo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Uhandisi ulianza Mlimani mwaka 1973.

Shabaha ya mipango yote hiyo ilikuwa moja. Rasilimali zilikuwa chache, kwa hiyo kila fani iliwekwa mahali pake, na kijana akatakiwa kuifuata fani mahali ilipo. Serikali kwa upande wake ilitimiza wajibu uliotokana na agizo hilo. Ilimlipia ada, ikamlisha, ikampa kitanda bwenini, na ikampa waranti ya safari. Kijana wa Mwanza alikwenda stesheni na karatasi yake mkononi, akapanda treni ya reli ile iliyofika mjini hapa mwaka 1928, akashuka Dar es Salaam bila ya baba yake kuuza ng'ombe hata mmoja. Nchi ilimwambia aende mbali, na nchi ndiyo iliyolipia umbali huo.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo. Serikali ilipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za elimu ya juu, mizigo haikuhamishwa yote kwa siku moja. Ilihamishwa kwa awamu. Miongoni mwa mizigo ya awamu ya kwanza, mwaka 1992, iliyotolewa mabegani mwa Serikali na kuwekwa mabegani mwa mzazi, ilikuwamo nauli ya kwenda chuoni na kurudi. Chakula, malazi na ada vilifuata nyuma. Kisha ikaja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kwa njia ya mkopo mwanafunzi mhitaji alipata tena ada, chakula na malazi, vitabu na gharama za mafunzo kwa vitendo. Nauli haikurudi.

Ni jambo dogo katika karatasi za bajeti, lakini si dogo katika nyumba ya mvuvi wa Ukerewe. Tufanye hesabu pamoja. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100. Kijana akienda mwanzoni mwa mwaka wa masomo na kurudi mwishoni tu, katika miaka mitatu atakuwa amesafiri zaidi ya kilometa 6,600. Akirudi nyumbani na katikati ya mwaka, kwa sababu ya ugonjwa wa mama au kwa sababu likizo imefika na hana pa kukaa, safari hizo zitakuwa maradufu. Na hapo hatujahesabu kivuko cha kutoka Nansio, wala sanduku, godoro na ndoo anavyotakiwa kwenda navyo. Mwenzake aliyezaliwa Ubungo anatoka kwao asubuhi na kurudi kwao jioni. Wote wawili ni watoto wa nchi moja na wanalipa ada moja. Fedha ya chakula na malazi, ambayo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kisha ikapandishwa hadi 10,000, haiangalii kama kijana amevuka nchi nzima au amevuka barabara tu.

Ndiyo maana tunasema kwamba umbali umekuwa ada ya pili. Haimo katika stakabadhi ya chuo chochote, lakini hulipwa, na hulipwa zaidi na yule aliye mbali zaidi na mwenye uwezo mdogo zaidi.

Kwa hali hiyo hatuwezi kumlaumu mzazi anayesema, "Mwanangu, soma hapa hapa." Ana sababu zake, na tena zina uzito. Leo Mwanza si mji usio na vyuo. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kina kampasi hapa, kadhalika Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Uhasibu. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma kina kituo chake cha Kanda ya Ziwa. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina kampasi inayofundisha teknolojia ya ngozi. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humfuata mwanafunzi mahali alipo na kumruhusu kusoma huku akifanya kazi yake. Kijana mwenye hamu ya uhasibu, ugavi au biashara, ambaye anaweza kulala kwao na kula chakula cha kwao, hana haya ya kuona kwamba amesoma karibu. Cheti cha kampasi ya Mwanza ni cheti cha chuo kile kile. Ile kasumba ya kudhani kwamba elimu haijawa elimu mpaka isomwe Dar es Salaam hatuna budi kuitupa.

Lakini upande wa pili wa jambo hili unatakiwa kuangaliwa kwa macho makavu. Ukizipitia fani zinazotolewa na vyuo vya umma hapa Mwanza, utaona kwamba nyingi ni za hesabu za fedha, biashara, mipango na kompyuta. Anayetaka udaktari atakipata Bugando chuo kizuri, lakini si cha umma. Ni cha taasisi ya dini, na ada yake inazidi sana ile ya Muhimbili. Anayetaka uhandisi wa ujenzi, sheria au kilimo kwa ada ya chuo cha umma, mpaka sasa hana budi kufunga mizigo.

Tena upo mfano mmoja unaotia uchungu kuliko yote. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania. Samaki wake wamewalisha watu wa hapa tangu enzi za mababu, na sangara wake wanauzwa hadi Ulaya. Pale Nyegezi kuna chuo cha uvuvi kinachotoa mafunzo ya astashahada na stashahada, na kazi yake ni njema. Pale pale Nyegezi kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi. Lakini mtoto wa mvuvi anayetaka shahada ya sayansi ya samaki katika chuo kikuu cha umma ameelekezwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya Bahari ya Hindi, au Morogoro, ambako hakuna ziwa. Amezaliwa juu ya maji matamu, na elimu ya juu ya maji hayo anaifuata kwenye maji ya chumvi.

Basi mzazi akimwambia mtoto wa namna hiyo abaki nyumbani, maana yake si kwamba atasoma uvuvi karibu. Maana yake ni kwamba atasoma kitu kingine. Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Tunawafahamu vijana ambao mioyo yao ilikuwa katika udongo, mitambo au dawa, nao wakaandikishwa uhasibu kwa sababu uhasibu ndio uliokuwa mwisho wa njia ya daladala. Wengine wamefanikiwa, na tunawapongeza. Wengine wamemaliza wakiwa na cheti wasichokipenda, katika fani yenye watu wengi kupita kazi zilizopo. Mzazi aliyeokoa nauli ya miaka mitatu sasa anamlisha mhitimu asiye na kazi mwaka wa nne na wa tano.

Liko jambo jingine ambalo kizazi chetu kinalijua kwa sababu tuliishi ndani yake. Zamani kijana akifaulu darasa la saba alipelekwa sekondari ya bweni, mara nyingi katika mkoa usio wake. Wa Sengerema alikwenda Tabora, wa Songea akaja Bwiru au Nsumba. Walilala chumba kimoja, wakala ugali mmoja, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Kisha likaja Jeshi la Kujenga Taifa. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa hapa hapa ufukweni mwa Ziwa, liliongeza kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili asije akawadharau wanaomsomesha. Sharti hilo lililegezwa baadaye, na hatusemi lirudishwe. Lakini mtu wa wakati ule alipofika Mlimani, alikuwa amekwisha kuiona nchi yake.

Kijana wa leo yuko katika hali nyingine. Tangu ujenzi wa shule za kata uliposhika kasi katika miaka ya 2000, mtoto anaweza kusoma chekechea, msingi na sekondari ndani ya kata moja. Hayo ni maendeleo makubwa, na asiyeyaona ana lake jambo, kwa sababu maelfu ya watoto ambao zamani wangebaki na jembe au nyavu sasa wanafika kidato cha nne. Hata hivyo, matokeo yake mengine ni kwamba kijana aweza kufika umri wa miaka ishirini bila kulala nje ya wilaya yake. Akisoma na chuo katika mji ule ule, ataingia kazini akiwa hajawahi kukaa na Mmakonde, na Mpare hajapata kumjua. Siku akipewa wilaya ya kuongoza kule Ruvuma, atakwenda kama mtalii. Taifa letu lilishonwa kwa uzi wa vijana waliokwenda mbali na kwao, na uzi huo usikatike kwa sababu tumeshindwa nauli.

Tuseme pia neno kuhusu watoto wa kike, kwa maana kwao shauri hili huwa zito maradufu. Wazazi wengi wanawabakiza karibu kwa hofu, na hofu ya mzazi si ya kudharauliwa. Vyumba vya kupanga mitaani karibu na vyuo, visivyo na ulinzi wala usimamizi, vimeharibu safari za mabinti wengi. Lakini tuwe wakweli na upande wa pili. Binti anayesoma akitokea nyumbani ndiye anayepika, ndiye anayeuguza, ndiye anayetumwa. Mgeni akibisha hodi, kitabu huwekwa chini. Kaka yake akiwa na mtihani nyumba nzima hunyamaza. Yeye akiwa na mtihani huambiwa amalize vyombo kwanza. Mzazi anayeamua binti abaki nyumbani kwa ajili ya usalama wake hana budi kumpa pia saa za kusoma na mahali pa kusomea. Vinginevyo atakuwa amempunguzia elimu.

Baada ya kueleza hayo, tunayo maneno matatu.

La kwanza ni kwa wazazi na vijana. Shauri la barazani lianze na fani, lisianze na ramani. Muulizeni mtoto anataka kuwa nani, na walimu wake waulizwe anaweza nini. Kisha tafuteni chuo cha umma kinachofundisha fani hiyo vizuri. Ikiwa kipo Mwanza, mshukuruni Mungu na abaki. Ikiwa kiko mbali, hesabuni gharama zote kabla ya kuthibitisha nafasi: nauli ya kwenda na kurudi kwa miaka yote, pango la chumba ikiwa bweni halipatikani, na wiki zile za mwanzo ambazo huenda fedha ya mkopo ikachelewa. Hesabu hiyo ikifanywa mwezi wa saba, ukoo unaweza kujipanga, huyu akatoa gunia na yule akatoa ahadi. Ikifanywa mwezi wa kumi inakuwa kilio. Wala kijana asimfiche mzazi wake gharama ya kweli kwa kuogopa kukataliwa, kwani wanaoacha masomo mwaka wa kwanza kwa sababu ya njaa ni wale walioondoka kwa matumaini matupu.

Wako pia wanaotazama ng'ambo ya mpaka. Mtu wa Bukoba yuko karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam, na tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Dar es Salaam, waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ni tangazo jema, linalokumbusha siku za chuo kikuu kimoja. Lakini kijana apime kwa makini ada anayotozwa asiye raia katika chuo anachokitaka, akijua kwamba mkopo wa Bodi kwa kawaida humfuata aliyedahiliwa katika chuo cha hapa nchini. Jirani wa karibu anaweza kuwa ghali kuliko ndugu wa mbali.

La pili ni kwa Serikali na Bodi ya Mikopo. Tunaomba nauli irudishwe miongoni mwa mahitaji yanayokopeshwa, na ipimwe kwa umbali kati ya makazi ya mwanafunzi na chuo chake. Hatuombi zawadi. Tunaomba mkopo, ambao kijana ataurudisha akishapata kazi kama anavyorudisha mikopo mingine. Bodi inayo fomu ya kila mwombaji, inajua alikosoma na anakotoka, na inajua alikodahiliwa. Kazi iliyobaki ni ya kupiga hesabu. Wanaostahili kuangaliwa kwanza ni watoto wa visiwani na wa vijiji vya mbali, na wale wanaofuata fani ambazo nchi inazihitaji na ambazo hazifundishwi katika kanda zao. Nchi ikimwambia kijana kwamba fani yake iko umbali wa kilometa 1,100, basi imsaidie kufika huko.

Pamoja na hayo, vyuo viongeze mabweni, na nafasi zilizopo ziwaangalie kwanza waliotoka mbali, hasa wasichana wa mwaka wa kwanza. Si haki mtoto aliyevuka mikoa mitano akatafute chumba mtaani, hali mwenzake ambaye wazazi wake wako kilometa kumi amepata kitanda ndani ya chuo.

La tatu ni juu ya vyuo vinavyoletwa kwetu. Katika mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 mwaka 2021, Kanda ya Ziwa haikusahauliwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepangiwa kampasi Bukoba, Chuo Kikuu Ardhi kimepangiwa kampasi Sengerema, na Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius Nyerere. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, lilifunguliwa mwezi Juni 2025, na mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili afike mjini. Hayo ni mambo ya kushangiliwa, na sisi tunayashangilia.

Lakini tunatoa tahadhari mbili. Kampasi hizi zisije zikawa matawi mengine ya yale yale yaliyokwisha kujaa Mwanza. Zifundishe yale ambayo Ziwa linayahitaji: samaki na ufugaji wao, usafiri wa majini, uchenjuaji wa dhahabu ya Geita, pamba, kahawa na ndizi, na upangaji wa miji inayokua kandokando ya ufuko bila mifereji. Hapo shahada ya samaki itakuwa imerudi inakostahili kuwa. Tahadhari ya pili ni kwamba zisigeuke kuwa vyuo vya wenyeji. Siku tutakayosikia mtu akisema kwamba kampasi fulani ni ya watoto wa mkoa fulani, tutakuwa tumeanza kuifuata njia ya ada za majimbo bila kutunga sheria yoyote. Tunataka mtoto wa Mtwara aje asome samaki Mwanza, kama vile mtoto wa Mwanza anavyokwenda kusoma kilimo Morogoro, na wote wawili wawezeshwe kufika.

Walimu wetu wa madrasa walikuwa wakitufunza kwamba elimu itafutwe hata ikiwa Uchina. Tulikuwa watoto, tukaelewa kwamba njia ya elimu ni ndefu na mtafutaji asichoke. Tumekuwa watu wazima, na sasa tunajua kwamba msafiri huyo alihitaji pia masurufu ya njiani. Jamii iliyomtuma ndiyo iliyomfungia masurufu hayo, kwa sababu ilijua kwamba atarudi, na kwamba atakachorudi nacho si chake peke yake.

Mwaka huu tena, katika nyumba za Igoma, Nansio, Magu na Sengerema, wapo vijana ambao majina yao yatatoka katika orodha za vyuo vilivyo mbali. Wazazi wao watakaa barazani na kupiga hesabu. Tunawaomba wasilikate shauri kwa hofu. Na tunawaomba wenye mamlaka wakumbuke kwamba mzazi wa Nansio ameikubali ada moja ya taifa kwa moyo mkunjufu, naye anastahili kusaidiwa ile ada ya pili ambayo hakuna aliyemwandikia.